Zoubeida na Fagio za Gatini

Ukifika bandari yetu ya Mutsamudu, visiwani Komoro, ukaulizia mapatano ya mchele, watakutajia Combo. Watakwambia Combo alikwenda Moroni kwa serikali mikono mitupu akarudi na mchele wa makuli wote wa bandari, Combo fundi wa maneno, Combo aliyewaweza wakubwa. Sina ugomvi na sifa za mtu. Ila katika mapatano yale kulikuwa na dada yake, na dada yake hatajwi. Basi nitamtaja mimi, Hayati, niliyefagia naye gati miaka mingi, na atakayechukia na achukie.

Siku hizo meli kubwa hazikuwa zikifika ukutani. Zilitia nanga mbali kidogo, matishari yakaenda kuchukua magunia na kuyaleta gatini, na makuli wakayashusha kwa kulabu na mabega. Kulabu haina huruma na gunia. Gunia lilipochanika, mchele ulimwagika juu ya mawe, ukachanganyika na vumbi, mafuta ya mashine na mavi ya kunguru. Hapo ndipo tulipoingia sisi wanawake na fagio zetu za chelewa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mchele huzoleka. Tuliuzoa, tukaupepeta kwa ungo, tukauosha mara kadhaa, tukachambua vijiwe mpaka macho yakauma, na watoto wakala.

Desturi ilikuwa ya tangu enzi za bibi zetu: kilicho ndani ya gunia ni cha mwenye mali, kilichoanguka ni cha ufagio. Hatukulipwa kwa kulisafisha gati, wala hatukuulizwa tumezoa nini. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha gati, na mgawaji wa vipande alikuwa Zoubeida.

Alikuwa mwembamba, mweusi tititi, sauti yake nzito kama ya mwanamume, na hakuwa na subira na mzembe. Mara moja mwenzetu mmoja alikutwa na kisu kidogo ndani ya shiromani yake, shuka letu la kujitanda, akilisaidia gunia lichanike. Zoubeida alimnyang'anya ufagio mbele ya makuli wote na kumfukuza. "Tukianza kuangusha wenyewe tutakuwa wezi," alisema, "na mwizi hana desturi." Yule mwanamke alilia, akaomba, akatuma wazee. Alirudi gatini baada ya msimu mzima kupita, na kisu hakukibeba tena.

Mume wa Zoubeida alivuka bahari kwenda Majunga kutafuta maisha akayapata huko huko, na mke mwingine juu yake. Zoubeida alibaki na mabinti wawili na mama yake aliyepofuka, katika nyumba ya mama yake. Nasema nyumba ya mama yake kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo: nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huingia na mkoba wake siku ya ndoa, na ndoa ikivunjika hutoka na mkoba huo huo. Mdogo wake, Combo, alilelewa kwa mchele wa ufagio mpaka akawa kuli mwenye mabega. Alioa kijiji cha Patsy, kule juu mlimani, akawa analala nyumbani kwa mkewe Moina. Lakini kila siku kazi ikiisha alipita kwa dada yake kunywa kahawa na kumsalimu mama. Nduguye mwanamume ndiye ukuta wa mwanamke, na Zoubeida alijivunia ukuta wake.

Uhuru ulipokuja mwaka wa sabini na tano tulipiga vigelegele kama watu wengine. Wafaransa wakaondoka na fedha zao. Serikali ya kwanza haikumaliza hata mwezi, ikaja ya Ali Soilih na mapinduzi yake. Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya. Harusi za kufilisi watu zilipigwa marufuku, na mimi binafsi sikuzililia. Lakini mishahara haikuwa ikija. Makuli walibeba magunia kwa ahadi, na ahadi haipikiki. Kisha wakaletwa ndugu zetu waliofukuzwa na mauaji ya Wakomoro kule Majunga, watu waliopoteza kila kitu, na wao pia wakahitaji kula. Mmoja wao, mjane aitwaye Bahiat, Zoubeida alimpa chumba cha chini cha nyumba yake na nusu ya kipande chake mwenyewe cha gati. Wengine tulinung'unika. Alitutazama tu, tukarudi kwenye kazi.

Mwaka wa sabini na saba mchele wa msaada ulianza kufika kutoka nchi za nje. Serikali ilitaka wote uondoke bandarini ukagawiwe na kamati za vijana huko vijijini. Makuli wakasema hapana, sehemu yao ibaki kwao, maana ndio wanaoushusha na mshahara hawauoni. Hawakugoma waziwazi, nani angethubutu? Walipunguza mwendo tu. Gunia la mtu mmoja likawa linabebwa na wawili, na wote wawili wakawa wanapumzika njiani. Meli zikakaa nangani, manahodha wakapiga kelele, na Moroni ikatuma ujumbe kwamba waje wajumbe wa makuli wazungumze. Wakachaguliwa Combo na mzee Mouridi.

Siku moja kabla ya safari nilikuwa kwa Zoubeida nachambua mchele. Combo alikuwa ameshika kikombe.

"Combo, ufagio usiusahau," Zoubeida alimwambia. "Ukiwapo mbele ya wakubwa, sema na sisi ni wafanyakazi wa gati. Hatutaki mengi. Kilichoanguka kiendelee kuwa chetu."

"Dada, nitaanzaje kusahau? Meno yangu yameota kwa mchele wako."

"Yameota, na maneno naona yameota pia. Niahidi."

"Naahidi," akasema Combo, na mama yao kipofu akaitikia amina pale kitandani.

Walirudi baada ya siku chache na mji ukakusanyika uwanjani. Combo alipanda juu ya kasha, vijana wa kamati wakapiga makofi kabla hajafungua kinywa. Kila kuli, akatangaza, atapata mchele wake kila mwezi. Utapelekwa kwenye nyumba ya mfanyakazi, kila mfanyakazi nyumba moja, ili wenye wake wawili wasichukue mara mbili. Hapo watu walicheka. Makuli nao watarudisha kazi mwendo wake wa zamani. Na ili kuonyesha kwamba mfanyakazi si mchoyo, kila punje itakayoanguka gatini itakuwa mali ya umma, itafagiwa na vijana na kurudishwa ghalani.

Makuli walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Sisi tulikuwa nyuma, tumetoka moja kwa moja gatini na fagio mkononi. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo. Lakini sisi tulikuwapo, tumesimama pale pale, na letu likagawiwa mbele ya macho yetu! Zoubeida aliufunga ufagio wake kwa kamba, akauweka kwapani, akaenda nyumbani kuchemsha kahawa, maana alijua Combo atapita.

Akapita kweli, na uso wa ushindi.

"Uliniahidi," Zoubeida akasema.

"Dada, nisikilize. Mkono mtupu haulambwi. Anayedai lazima awe na kitu cha kuachia, la sivyo wale wakubwa wanaona anawadharau. Ningeachia nini? Mchele wa makuli? Wangenitupa majini."

"Ukaachia wangu."

"Ni siasa. Unatoa kidogo ili upate kikubwa."

"Combo, ulichokitoa hakikuwa chako."

Combo aliweka kikombe chini. Akasema atamletea mchele kutoka kwake. Mimi niliyekuwa nimemfuata Zoubeida nilicheka, nakwambia, kicheko kichungu. Kwake wapi?

Maana hapo ndipo ujinga wa mapatano yale ulipolala. Watu wa ofisi za Moroni na Combo wetu, Wakomoro wote hao, waliandika "nyumba ya mfanyakazi" kana kwamba visiwani humu kuna kuli mwenye nyumba. Maneno yale waliyaokota katika makaratasi ya Kifaransa, wakayaona yamekaa vizuri, wakayatia sahihi. Mchele wa Combo ukapelekwa Patsy, kwa Moina. Na mchele ukishaingia nyumbani kwa mwanamke hautolewi na mwanamume, hata kama ameubeba kwa bega lake mwenyewe. Moina ana mama yake, ana dada zake. Combo alijaribu mara moja kushuka na kibaba ndani ya mkoba. Moina alimsimamisha mlangoni mbele ya majirani, akamuuliza mchele wa nyumba ile unakwenda kwa mke gani. Alipojibu ni wa dada yake hawakumwamini, na aliurudisha mwenyewe jikoni. Toka hapo alipokuja kwa kahawa alikuja mikono mitupu na hadithi ndefu.

Na gati je? Vijana wa kamati walifagia meli moja kwa nyimbo na bendera. Meli ya pili walifagia wachache. Ya tatu hawakuja, na mchele waliokuwa wamerundika kwenye kibanda uliota ukungu, ukatupwa baharini. Sisi tulisimama nje ya kamba waliyoifunga kutuzuia, tukiangalia. Siku ile Bahiat alilia kwa sauti. Alisema Majunga walimnyang'anya watu aliowajua ni adui, hapa hajui amlaumu nani.

Zoubeida akaamua kwenda Moroni. Nilikwenda naye, kwa sababu baba yangu alikuwa Mngazidja, mtu wa kisiwa hicho cha Moroni, na lugha yao naijua, na kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake. Tulipata nafasi kwenye meli ndogo ya mizigo, tukatapika njia nzima. Moroni tulizungushwa. Ofisi hii ikatutuma ile, ile ikatuambia mhusika yuko mkutanoni, na binti mmoja aliyeweza kuwa mjukuu wetu akatuambia shiromani ni mambo ya zamani, tuzivue tuwe huru. Zoubeida alimwambia kwamba akivua shiromani atapata baridi, na uhuru wa namna hiyo ana mwingi.

Mwishowe tulimpata Ibouroi, kijana wa ofisi ya misaada, mpole, mwenye ndevu chache. Alitupatia maji, akatusikiliza mpaka mwisho. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi baadaye, kwamba alikuwa mtu mwema.

"Nyinyi ndio wafanyakazi hasa," alisema. "Mapinduzi haya ni yenu."

"Basi turudishieni gati," Zoubeida akasema, nami nikatafsiri.

"Mama, mapatano yameshatiwa sahihi. Na mjumbe wenu mwenyewe ametia."

"Serikali nzima," Zoubeida akasema, "mlikosa kitu kingine cha kutaka isipokuwa ufagio wangu?"

Ibouroi alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Sisi? Mama, sisi hatukujua hata kama kuna ufagio. Mchele wa makuli tulikuwa tumeshaukubali asubuhi ile ile. Tuliomba kazi irudi mwendo wake, basi. Mzee mwenzake alikuwa ametoka kuswali, na Combo ndiye aliyesimama akasema, 'Na sisi tunawaachia kinachoanguka.' Tukampigia makofi."

Nimebeba mengi maishani, lakini maneno mazito kama yale sijabeba. Niliyatafsiri. Zoubeida akaniambia nirudie. Nikarudia. Combo alikuwa amesukuma kwa bega mlango uliokuwa wazi. Alitoka nyumbani kwao akiwa amejiandaa kuachia kitu, na aliyejiandaa kuachia huachia hata asipoombwa. Nafikiri alitaka pia kupigiwa makofi. Hilo Zoubeida hakulisema, nalisema mimi.

Ibouroi alitafuta njia, namshukuru kwa hilo. Akasema kama makuli watakubali kupunguza sehemu yao kidogo, ofisi itaongeza kifungu na wanawake wa gati wataingia kwenye mgao. Serikali haina kipingamizi. Kipingamizi haikuwa nacho, na mchele wa kutoa haikuwa nao vilevile. Kila mtu alikuwa upande wetu mradi atoe mwingine.

Njiani kurudi nilikuwa nachemka. Nilimwambia nitasimama uwanjani nimwage kila kitu, mji umjue Combo ni nani. Zoubeida akanibana mkono mpaka ukauma.

"Ukisema hivyo makuli watamng'oa, na mapatano yatang'oka naye. Bahiat atapata nini?"

"Na wewe utapata nini?"

"Nyamaza, Hayati. Ni mdogo wangu."

Nikanyamaza, na mpaka leo kunyamaza kule kunaniwasha.

Makuli walikutana chini ya paa la ghala. Mouridi aliendesha mkutano, na tulipewa ruhusa ya kukaa pembeni. Walibishana kutwa. Mmoja akasema wanawake wote wa gati wana wanaume wanaofanya kazi bandarini, wakipewa tena itakuwa mchele mara mbili kwa mlango mmoja. Mwingine akasema wajane waangaliwe, hata dini inasema. Mouridi akatafuta katikati, kama wafanyavyo wazee. Wakakubali kupunguza sehemu yao, kwa sharti kwamba atakayepata ni mwanamke wa gati asiyekuwa na mume, mwana wala ndugu wa kiume miongoni mwa makuli.

Nilihesabu haraka kichwani. Bahiat ndani. Mimi, niliyekwisha kumzika kaka yangu, ndani. Nikamtazama Zoubeida. Nikamtazama Combo. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Mouridi," nikasema, "na Zoubeida? Ndiye aliyekwenda Moroni!"

"Zoubeida ana Combo," Mouridi akajibu kwa upole, kama mtu anayekukumbusha bahati yako. "Ana nduguye. Tena ndugu gani! Sote tungependa kuwa na ndugu kama huyo."

Wanaume wakaitikia. Nilisubiri Combo aseme neno. Neno moja tu lingetosha: kwamba mchele wake unakwenda Patsy na haurudi. Lakini hakuna mwanamume atakayesimama mbele ya wenzake aseme hawezi kutoa kibaba katika nyumba anayolala. Alikohoa. Akarudia kutazama vidole vyake.

Zoubeida akasimama. "Andikeni hivyo hivyo," akasema, akatoka.

Kwa hiyo Bahiat akapata mchele, mimi nikapata, na aliyetupigania hakupata. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Zoubeida, mwenye nyumba, akawa anakula kwa mpangaji wake wa chumba cha chini. Kila Bahiat alipopika alipandisha sahani juu, na Zoubeida aliipokea. Ufagio wake ulikaa nyuma ya mlango. Alianza kusuka ukili na kuuza, akawa anaupeleka mpaka Ouani, mwanamke aliyekuwa na gati zima chini ya ulimi wake. Na Combo akaendelea kupita kwa kahawa. Alipewa kahawa! Mimi ningemmwagia.

Mwezi wa Mei mwaka wa sabini na nane serikali ile nayo ikaangushwa. Mapatano yakafa siku hiyo hiyo, makuli wakaambiwa mambo ya mchele wayasahau. Kamba ya kutuzuia gatini hakuna aliyekuja kuifungua, iliozea pale pale. Meli ya kwanza ilipotia nanga Zoubeida alikuwa wa kwanza kufika na ufagio wake. Akagawa vipande upya. Alimpa kila mmoja kipande chake cha zamani, bila kumkosesha mtu.

Huko Patsy, Moina naye akafanya hesabu zake. Kuli asiye na mshahara wala mchele ni mgeni wa kulisha. Wakaachana. Jioni moja tulikuwa tumekaa kwa Zoubeida, Bahiat, mabinti, na mimi, chakula kimepakuliwa, Combo akasimama mlangoni na mkoba begani. Hakupiga hodi. Alisimama tu, na mama yao kipofu akamjua kwa hatua, akasema mwanangu amerudi.

Nilimwangalia Zoubeida. Nilimwomba kwa macho, mara hii tu, mfungie mlango. Akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, akamwekea sahani.

Ulikuwa mchele wa siku ile, wa gatini, tuliouchambua kwa haraka. Combo alikuwa na njaa, akafinyanga tonge kubwa. Tukasikia jino likigonga jiwe. Alisimamisha taya. Akalitoa lile jiwe kwa vidole viwili, akabaki nalo, hajui aliweke wapi, na machozi yakamtoka, labda kwa jino.

Zoubeida akamnyooshea kiganja. "Lete," akasema. "Kilichoanguka ni cha ufagio. Hata Moroni hukuombwa ukitoe."

Hapo ndipo Combo alipojua kwamba dada yake alijua, na kwamba alijua muda wote ule wa kahawa. Aliliweka jiwe kiganjani mwake. Zoubeida akalitupa nje kupitia dirishani, akamwambia ale, chakula kinapoa.